Ndegwa na Masikio ya Miti

Ukifika Kiamunyi ukamuulizia Jamleck Ndegwa, wengi watakutazama tu. Muulizie Wa Pawa, na hata mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara atakunyoshea kidole: lango lile la mabati ya kijani, lenye magogo nje. Jina hilo alipewa kwa sababu ya msumeno wake wa petroli, ambao watu wa huko huuita pawa, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumwona akienda kazini bila mashine hiyo begani, mdomo wake mrefu ukitangulia.

Alizaliwa Elburgon, nyuma ya kiwanda cha mbao. Alipomaliza darasa la nane aliingia humohumo kiwandani, akaanza kwa kubeba mabanzi, kisha akapandishwa akawa mtu wa kuangusha miti. Aliyemfundisha ni nyapara mmoja aitwaye Kimaiyo, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyekuwa akipita msituni akigonga miti kwa mgongo wa panga. Kimaiyo alikuwa na sheria moja kuhusu yale mauyoga magumu yanayoota ubavuni mwa mti kama rafu, yale ambayo vijijini huitwa masikio. Alisema, "Mti ukiota sikio umeshakufa, ni vile tu haujaambiwa." Ndegwa aliimeza sheria hiyo nzima nzima, na hakuwahi kuona sababu ya kuitema.

Serikali ilipofunga misitu, kiwanda kilinyamaza, na Ndegwa akateremka na mkewe Waithera hadi Kiamunyi. Hapo palikuwa na kazi ya kutosha. Mashamba ya zamani ya walowezi yalikuwa yamekatwakatwa vipande, nyumba za mawe zikimea chini ya miti mikubwa iliyopandwa na watu waliokwisha kuondoka, na kila mwenye nyumba alikuwa akiangalia juu kila upepo unapovuma. Waliitana kwa simu: mwite Wa Pawa. Alikuja, akauzunguka mti, akatafuta sikio. Akiliona, mti ulianguka. Asipoliona, alipunguza matawi akaenda zake. Kazi yenyewe ilikuwa imemla sikio lake la kulia, maana injini ya pawa haina huruma, kwa hiyo Waithera alizoea kukaa upande wa kushoto akitaka kusikilizwa, na upande wa kulia akitaka kusema yake bila kujibiwa.

Mambo yalianza kumchanganya kwa mjakaranda wa Rahab.

Rahab alikuwa mjane aliyekaa karibu na kituo cha maji, mama wa makamo anayeelekea uzeeni, mwenye sauti ndogo na bustani safi. Mjakaranda ule aliupanda na marehemu mumewe mwaka waliopewa kipande chao cha ardhi. Chini yake ndipo wazee walipokaa kuzungumza mahari ya mabinti wake, na kila mti ulipochanua ua wote uligeuka zambarau hata kuku wakawa wanatembea juu ya maua. Alimwita Ndegwa amwondolee tawi moja lililokuwa likikwaruza paa. Ndegwa akaja, akazunguka, akainama. Kwenye shina, karibu na ardhi, palikuwa na masikio mawili ya rangi ya kahawia, mapana kama sahani, yenye ukingo mweupe.

"Mama," alisema, "hii mti imeenda."

"Imeenda wapi na iko hapa?"

"Imeoza ndani. Unaona hizi masikio? Hizi hazimei kwa mti mzima. Siku moja itakuja hapo kwa paa yako, na wewe ukiwa umelala."

"Lakini si ilitoa maua juzi tu."

"Maua ni mambo ya juu, mama. Shida iko chini."

Rahab aliutazama mti, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayetafuta mahali pa kukata rufaa. Mwishowe akasema, "Basi toa. Lakini usikate nikiwa hapa." Siku ya kukata, akavaa koti lake la kanisani akaenda Karagita kwa binti yake anayefanya kazi kwenye shamba la maua.

Ndegwa na watu wake wa kamba waliuangusha vizuri, bila kuvunja hata kigae. Lakini pawa ilipolifikia shina, aliisikia. Msumeno ukila mbao iliyooza hulegea, sauti hushuka, unga hutoka mweusi na laini. Huu haukulegea. Unga ulitoka mweupe, wa kunukia, ukaruka mpaka kwenye viatu vyake. Shina lilipokatika, akazima injini akabaki amesimama. Mjakaranda ulikuwa mzima. Chini ya masikio palikuwa na utepe wa mbao ya kahawia usiozidi upana wa kiganja, ulioingia ndani kidogo tu ukaishia hapo. Sehemu nyingine yote ilikuwa safi kama mkate.

Alitamani Rahab achelewe Karagita. Hakuchelewa. Aliingia langoni jua likiwa bado juu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kisiki, akauweka mkono wake juu.

"Imeoza wapi?"

"Hapa, mama." Ndegwa akaonyesha ule utepe.

"Na hii ingine yote ni nini?"

Ndegwa alitafuta neno. "Hiyo... ni nzima."

Rahab hakupaza sauti, wala hakulia. Aliinua mkono kwenye kisiki, akaupangusa kwa koti. "Ingieni ndani," aliwaambia. "Kuna githeri. Mmefanya kazi." Ndegwa alikaa kwenye kochi la mama yule na sahani magotini, akala bila kuinua macho. Wakati wa kuondoka, bila kujua sababu, alirudi kwenye gogo, akalibandua sikio moja kwa patasi, akalitia kwenye gunia.

Nyumbani, Waithera alilitazama lile sikio juu ya meza. Akakaa upande wa kushoto. "Baba Abby, tumeanza kula mbao?"

"Hii kitu imenidanganya."

"Imekudanganya vipi na haiongei?"

Kimaiyo alikuwa amesema, na Kimaiyo hakuwa mtu wa kusema ovyo. Labda, alifikiri, kuna masikio ya kuua na masikio ya bure, na mimi miaka hii yote nimekuwa nikiyaweka kapu moja. Wazo hilo lilimkalia vibaya. Kama ni hivyo, ni miti mingapi aliyoiangusha ikiwa haina kosa? Mingi aliikata akaondoka kabla ya kutazama vizuri ndani, kwa kuwa alikuwa na uhakika. Mtu mwenye uhakika hatazami.

Mvua za masika zilikuwa zikikaribia alipoitwa na mwenyekiti wa kamati ya kanisa moja pale pale mtaani. Kanisa lilikuwa na nasari ya watoto wadogo, na kando ya jiko la nasari palikuwa na mkaratusi mnene, na chini ya mkaratusi palikuwa na sikio. Mwenyekiti alikuwa ameshasikia sheria ya Wa Pawa, kama kila mtu. "Nadhani hii ni ya kukata," alisema.

Safari hii Ndegwa hakukubali haraka. Alienda nyumbani akaleta sikio la Rahab, akaliweka kando ya lile la mkaratusi. Rangi moja. Ukingo mmoja mweupe. Chini, vitundu vidogo vidogo kama vya sindano, na ukivikwaruza kwa ukucha vinabaki na mstari wa kahawia, yote mawili. Mapacha. Moyo wake ukatulia, maana sasa alidhani amejifunza kitu. Sikio hili alikuwa amelijua kwa ndani. Lilikaa kwenye mjakaranda wa watu miaka na halikufanya lolote.

"Hii haina neno," alimwambia mwenyekiti. "Nimeona mwenzake. Inakula ngozi tu. Wacha mti."

Mwenyekiti alifurahi kusikia hivyo, maana kila mtu hupenda kuambiwa hakuna kazi. Wakapeana mikono.

Mkaratusi ulianguka Jumamosi moja mchana, siku ambayo nasari huwa imefungwa. Haukuwa upepo wa ajabu. Ulikuwa upepo wa mvua wa kawaida tu, ule unaotoka upande wa mlima wa Menengai ukifagia takataka barabarani. Mti ulilala juu ya jiko, ukabana mabati na sufuria na meza mpaka vikawa kitu kimoja. Mpishi alikuwa kwake akifua nguo. Hakuna aliyeumia. Ndegwa alipofika alikuta watu wamesimama kwenye matope, kila mmoja akihesabu moyoni mwake jinsi ingekuwa kama ingekuwa Jumatatu.

Alienda kwenye mizizi. Upande mmoja mizizi ilikuwa imeng'oka na udongo wake, mirefu, yenye nguvu. Upande wa pili, ule wa ukuta wa ua, haikuwapo. Palikuwa na vipande vyeupe vyenye nyuzinyuzi, vilivyolowa, ambavyo ukivishika vinaachana mkononi kama mkate uliotumbukia chai.

Mwenyekiti alikuja akasimama nyuma yake. Hakuwa na hasira. Labda ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Wa Pawa, si ulisema haina neno?"

Ndegwa alimsikia vizuri, ingawa alikuwa upande wa kulia. Alilibandua lile sikio la mkaratusi, akaenda nalo nyumbani kwa miguu, kwenye mvua.

Wiki ile hakuchukua kazi. Simu ililia akaiacha ilie. Alikaa mezani na yale masikio mawili kwenye sinia, akiyageuza. Aliyanusa. Aliyapima kwa vidole. Aliyagonga, akayasikiliza kwa sikio lake zuri. Alipoona moja lina gamba jororo kidogo, alifurahi, akasema hapa ndipo tofauti ilipo. Alipoligusa la pili mahali pengine, nalo likawa jororo. Siku moja alitoka kwenda msalani, na aliporudi akakuta Waithera amefuta meza na kuyarudisha masikio kwenye sinia kwa mpangilio wake mwenyewe.

"Mama Abby! Ya Rahab ni gani?"

Waithera alisimama na kitambaa mkononi. "Si hii?" Akatazama. "Ama hii?"

Wakayainamia wote wawili, vichwa vikikaribia kugongana. Hawakuweza kujua. Ndegwa akayageuzageuza, kama mtu aliyepoteza watoto wa watu sokoni. Ndipo Waithera akaona tone kavu la rangi ya samawati nyuma ya mojawapo; ukuta wa jiko la nasari ulikuwa umepakwa samawati. Wakajua hilo ndilo la mkaratusi. Ndegwa akalifunga uzi. Kisha akaanza kusumbuliwa na jambo jipya: kama pasingekuwa na tone la rangi, yeye, mtu wa miti tangu utotoni, asingejua kamwe.

Binti yao Abby, aliyekuwa fundi wa umeme kwenye mitambo ya mvuke kule Olkaria, alikuja nyumbani mwisho wa wiki akamkuta katika hali hiyo. Akatoa simu, akalipiga picha sikio la Rahab kwa programu inayotambua mimea. Simu ikatoa jina refu. Akaligeuza, akapiga tena. Jina lingine. Akapiga mara ya tatu karibu na dirisha. La tatu.

"Haki baba, hata simu imechanganyikiwa," alisema, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipomwona uso. "Sikiza. Kuna mwalimu wa chuo huko Njoro, Sitati. Anasomea mambo ya kuvu. Alikuja kwetu na wanafunzi kuangalia miti karibu na mabomba ya mvuke. Nitampigia."

Sitati, ambaye Ndegwa alimfuata Njoro kwenye maabara yake, alikuwa mtu wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye koti jeupe lililokosa kifungo. Aliyapokea masikio kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Ndegwa akamweleza yote, bila kujificha mahali: mjakaranda, mkaratusi, jiko. Sitati akasikiliza, akiitikia kwa kichwa.

"Mzee, hapo umegusa pabaya," alisema. "Hawa wawili wanasumbua watu dunia nzima. Kuna aina moja ambayo ni pole. Hiyo inakula mbao ile imekufa, ndani, mti unaweza kuishi nayo hata miaka makumi. Na kuna ndugu yake, mkali. Huyo akimaliza ile imekufa anaingia kwa ile iko hai. Kwa macho wanafanana kabisa."

Ndegwa alisogea mbele. Hatimaye. "Sasa daktari, unawatofautisha aje?"

"Kuna njia. Yule pole, gamba lake la juu ni nyembamba. Ukifinya na kidole gumba inavunjika. Yule mkali, gamba ni nene, huwezi." Akalishika sikio la Rahab, akafinya. Likavunjika kidogo ukingoni. "Unaona? Hii ni pole." Akalishika la mkaratusi, akafinya. Nalo likavunjika. Akakunja uso. Akafinya mahali pengine kwenye lile la kwanza. Halikuvunjika.

Sitati akayalaza yote mawili mezani.

"Saa zingine ni umri," Sitati alisema. "Ikiwa mchanga gamba haijakomaa. Wacha tukate." Akayapasua kwa msumeno mdogo, akaonyesha nyama ya ndani. Vitabu, alieleza, vinasema yule pole huwa na madoa meupe kwenye nyama, na mwenzake ana kahawia tupu. La Rahab lilikuwa na kahawia tupu karibu yote, na doa moja jeupe kwenye kona, ambalo lingeweza kuwa doa au lingeweza kuwa wadudu. La mkaratusi lilikuwa na madoa mengi upande mmoja na hakuna hata moja upande wa pili. Akachukua ule unga wa kahawia ambao masikio haya humwaga chini yake, akautazama kwa hadubini, akapima chembe zake, akaandika, akapima tena, akajikuna kidevu.

"Ukubwa wake?" Ndegwa aliuliza.

"Iko katikati ya yule pole na yule mkali." Sitati akainua uso, akaonekana mtu aliyechoka lakini mkweli. "Mzee, nisikudanganye. Hivi vitabu vimeandikwa na watu wa Ulaya, kwa miti ya Ulaya. Huku kwetu hatujapima vya kutosha. Hata inaweza kuwa hii ni ya tatu, ambayo haina jina. Nikikuambia leo ni hii ama ni ile, nitakuwa nabahatisha."

Ndegwa alikuwa amekuja akidhani kwamba kuna mtu mahali anayejua, na kwamba yeye tu ndiye aliyekosa kuambiwa. Sasa alimtazama mtu huyo, na koti lake, na hadubini yake, akaona amechanganyikiwa kama yeye. Hakujua kama jambo hilo lilimfariji au lilimwongezea hofu. Labda yote mawili.

"Nitatuma vipande Nairobi," Sitati alisema. "Kuna mwenzangu anaweza kusoma DNA. Itachukua muda. Lakini niulize kitu. Huo mkaratusi, kuna mtu alichimba karibu nayo?"

Ndegwa alifikiri. Akaona ukuta. Ukuta mpya wa mawe, uliojengwa mwaka uliotangulia kuzunguka nasari, ukipita hatua mbili tu kutoka kwenye shina. Ili kuujenga lazima walichimba mtaro wa msingi. Alikuwa amesimama kando ya ukuta huo huo akilinganisha masikio, na hakuuona kabisa.

"Walichimba," alisema polepole.

Jibu kutoka Nairobi lilikuja majani ya mahindi yakiwa yameanza kukauka. Sitati alimpigia mwenyewe, na Ndegwa akaiweka simu kwenye sikio la kushoto, akatoka nje ya nyumba ili asikie vizuri.

Sikio la mkaratusi, Sitati alisema, lilikuwa karibu na yule pole. Si sawasawa naye, bali karibu. Walipochimba msingi walikata mizizi ya upande mmoja, mizizi ikafa, na yule pole akala kilichokufa, kama ilivyo kawaida yake. Mti ukabaki umesimama kwa upande mmoja tu.

"Na ya Rahab?" Ndegwa aliuliza. "Ya mjakaranda?"

"Hiyo ndiyo mkali. Ilikuwa inaanza tu. Ungeiacha, labda kwa miaka kadhaa ingemaliza mti."

Ndegwa alishika ukingo wa lango. Kwa hiyo aliukata mti uliokuwa na ugonjwa kweli, akadhani amekosea; na kwa sababu ya kudhani amekosea, akauacha ule ulioanguka. Alikuwa sahihi alipojiona mkosaji, na mkosaji alipojiona amejifunza. Akauliza, "Kwa hivyo nilikata sawa?"

Sitati alisita. "Labda. Kuvu ilikuwa mbaya, lakini mti ulikuwa bado mzima, na kuna miti hupigana ikashinda. Hatuwezi kujua sasa."

Alienda kwa Rahab siku hiyohiyo. Hakujua hasa anakwenda kufanya nini. Alijua tu kwamba habari ni yake na ni haki aisikie. Alimkuta akipalilia vitunguu. Akamweleza kwa uangalifu, kuhusu yule pole na yule mkali, na Nairobi. Rahab aliendelea kung'oa magugu hadi alipomaliza.

"Ndegwa," alisema akiwa bado ameinama, "ulipokata mti wangu, ulikuwa unajua hayo?"

"La, mama. Sikuwa najua."

"Basi usiniambie ulikuwa sawa. Niambie tu ilikuwa mgonjwa. Hiyo naweza kuibeba." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Miezi hii yote nimekuwa nikijiambia nilimuua mti wa mzee kwa uoga wangu. Nikilala nafikiri hiyo tu."

"Ilikuwa mgonjwa, mama."

"Sawa." Akarudi kwenye vitunguu. Baada ya kitambo akasema, kama anayejisemea, "Lakini ilitoa maua." Ndegwa alichukua jembe dogo lililokuwa kando, akamsaidia mstari mmoja.

Alirudi kazini, lakini hakurudi yule wa zamani. Watu walianza kulalamika kwamba Wa Pawa siku hizi anauliza maswali mengi kuliko polisi. Mlichimba wapi? Lori liliwahi kukanyaga hapa? Bomba la maji linapita upande gani? Alikuwa akifukua udongo kwenye mizizi kwa mikono, akiichoma kwa chuma chembamba, akigonga shina kwa nyundo ya mti huku ameinamisha kichwa, sikio la kushoto likiwa mbele. Wakati mwingine alikaa muda mrefu mbele ya mti, na wenye nyumba wakaenda ndani kuendelea na shughuli zao.

Mmoja wao alikuwa Kibii, mwalimu mstaafu aliyehamia Kiamunyi kutoka Molo, mwenye mgrivea mrefu pembeni mwa nyumba. Kwenye shina, usawa wa goti, palikuwa na sikio. Ndegwa akafukua, akagonga, akauliza. Hakuna mtaro uliochimbwa. Mizizi upande mmoja ilikuwa migumu. Upande wa pili chuma kiliingia kidogo, kisha kikakataa. Shina lililia vizuri juu na vibaya kidogo chini, au labda lilikuwa ni sikio lake tu.

"Haya," alisema Kibii, mikono nyuma. "Kata ama usikate?"

"Sijui."

Kibii alidhani hajasikia vizuri. "Umesema?"

"Nimesema sijui, mwalimu. Kuna aina mbili za hii kitu, na moja ni mbaya na moja si mbaya sana, na hata ile si mbaya inaweza kukuletea mti kwa nyumba. Siwezi kukuambia hii ni gani. Hata Njoro wakiangalia wanaweza kukosa kujua."

"Wewe ni Wa Pawa na hujui?"

"Ndiyo."

Neno lile lilimtoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. Kibii alimshukuru kwa adabu, kisha akamwita mkata miti mwingine kutoka mjini. Huyo alisema kata leo leo. Akamwita wa tatu, aliyesema huo ni uyoga tu, hata unachemshwa chai. Baada ya siku chache Kibii alimpigia Ndegwa simu. "Rudi," alisema. "Hao wengine wana uhakika, na hawapatani. Afadhali wewe."

Ndegwa alipendekeza wapunguze kichwa cha mti ili upepo usipate mahali pa kushika, wahamishe banda la kuku lililokuwa upande ambao ungeangukia, na yeye awe akija kuutazama kila baada ya mvua. Halikuwa jibu, alimwambia Kibii wazi. Lilikuwa ni kungoja kwa akili. Walifanya hivyo. Kazi ya kupunguza ilichukua siku nzima, na pawa haikugusa shina hata mara moja.

Mgrivea ule bado umesimama. Mvua zimepita na nyingine zimekuja, na sikio limeongeza ukingo mpya mweupe, kwa hiyo ni wazi kuna kinachoendelea ndani, ila ni kipi, hakuna ajuaye. Ndegwa huja na nyundo yake na chuma chake. Siku nyingine huondoka akiamini mti utaishi kuliko wote waliopo. Siku nyingine hufika nyumbani akiwa amekunja uso, na Waithera hukaa upande wa kushoto akamwambia ale kwanza, mgrivea si wake.

Mara ya mwisho alipokwenda, mke wa Kibii alimfuata na beseni la nguo zilizofuliwa, akamuuliza kama anaweza kufunga kamba ya kuanikia kwenye ule mti. Ndegwa aliutazama mgrivea, akatazama nyumba, akatazama mbingu upande wa Menengai.

"Funga, mama," alisema. "Lakini simama upande huu ukianika, si pale palipokuwa na banda."

Akaichukua ile kamba mkononi mwake, akamfungia.